Kichanga Bila Viza: Kutoka Tanga Hadi Dulles

Mama yangu alitoa ushauri ambao kwetu Tanga haumshangazi mtu: nimwachie mtoto, nirudi kazini Maryland, kisha nije kumchukua akishakomaa kidogo. Ni watoto wangapi wamelelewa na bibi zao Ngamiani na Makorora huku wazazi wakihangaika Muscat au London? Nilikuwa nimekuja kumuuguza baada ya upasuaji, nikiwa mjamzito, na nilitarajia kuondoka kabla mimba haijawa kubwa. Presha ikapanda. Daktari akanikataza ndege, na binti yangu akazaliwa hukohuko, akachinjiwa mbuzi wa akika siku ya saba kama watoto wote wa mtaa ule.

Tatizo ni kwamba mimi na baba yake hatuna uraia wa Marekani. Tuna kadi ya kijani tu, yaani kibali cha ukaazi wa kudumu, kwa hiyo mtoto amezaliwa Mtanzania na ni Mtanzania. Pasi ya Marekani haimhusu. Wala ubalozi hauhitaji kumpa viza, na hapo ndipo watu wengi hawanielewi nikisimulia. Mama mwenye kadi ya kijani akijifungua akiwa safarini kwa muda, mtoto anaruhusiwa kuingia Marekani bila viza na kupokelewa kama mkaazi wa kudumu palepale uwanjani, ilimradi hajafikisha miaka 2, na anaingia pamoja na mzazi ambaye hiyo ndiyo mara yake ya kwanza kurudi tangu mtoto azaliwe.

Hilo sharti la mara ya kwanza ndilo lililoninyima usingizi. Ningemwacha kwa bibi na kurudi peke yangu, hata kwa wiki moja, nafasi hiyo ingekufa. Tungelazimika kumwombea viza ya uhamiaji na kusubiri zamu yetu. Upande wa pili, na mimi nilikuwa na saa yangu. Ukikaa nje mwaka mzima, kadi ya kijani peke yake haikurudishi, na kibali cha kukaa nje zaidi huombwa ukiwa ndani ya Marekani, si ukiwa Tanga.

Nilimweleza mama akiwa anapepeta mchele. Hakuinua uso. "Basi chukua mwanao," akasema, "lakini arobaini itaishia hapa." Sikubishana naye. Arobaini iliisha makaratasi yakiwa hayajafika hata nusu.

Kila karatasi inazaa nyingine. Hospitali inatoa tangazo la kizazi, tangazo linakupeleka RITA, kwa wasajili wa vizazi na vifo, kuchukua cheti, cheti kinakupeleka Uhamiaji kuomba pasi. Kwenye tangazo muuguzi alikuwa ameandika jina la baba "Salimu", kama tunavyolitamka. Pasi na kadi ya mume wangu zinasema "Salim". Herufi moja tu, lakini ningeiacha ingehamia kwenye cheti, kutoka kwenye cheti ihamie kwenye pasi, halafu nisimame mbele ya ofisa wa kigeni nimthibitishie kwamba Salimu na Salim ni mtu mmoja. Nilirudi wodini na mtoto mgongoni hadi likasahihishwa.

Halafu ikaja kazi ya picha. Sharti ni macho yawe wazi, mdomo ufungwe, na mkono wa mtu usionekane. Mpiga picha wa Ngamiani alimlaza mtoto chali juu ya shuka, yeye akapanda kwenye stuli na kamera yake, na kijana wake akawa anatikisa funguo. Macho yakifumbuka, mdomo unaachama. Mdomo ukifungwa, usingizi unamchukua. Kijana akachoka na funguo akaanza kukohoa kama mzee, na kikohozi hicho ndicho kilichomshtua binti yangu akatulia akikodoa. Nilisafisha nakala kadhaa, za Uhamiaji na nyingine za kwenda nazo.

Pasi yenyewe, ya kielektroniki, ilinigharimu shilingi 150,000, sawa na ya mtu mzima. Fomu inajazwa mtandaoni, lakini mtu na viambatanisho vyake lazima waonekane ofisini. Baba alituma barua ya ridhaa iliyogongwa muhuri na mthibitishaji huko Silver Spring: moja kwa ajili ya pasi, nyingine ya kueleza kwamba anajua nasafiri na mtoto peke yangu. Ile ya pili hakuna aliyeniagiza. Maofisa wa mpaka wa Marekani wanashauri mzazi anayesafiri peke yake na mtoto awe nayo, na mimi ushauri wa mtu mwenye muhuri huwa naufuata.

Basi la Tanga linapita Muheza, linakata kona Segera, linateremka Chalinze hadi kituo cha Magufuli pale Mbezi. Muheza alipanda mama mmoja na kapu la machungwa. Alimpokea mtoto bila kuuliza ili nipate kula, akamkagua vidole, kisha ndipo akauliza, "Unampeleka wapi huyu?"

"Kwa baba yake."

"Wapi?"

"Amerika."

"Na baridi yote ile!" Akamfunika na upande wa kanga yake mwenyewe hadi Chalinze, jasho likimtoka mtoto.

Pale uwanjani Dar, jengo la tatu, ndipo nilipokuwa nimepaogopa kuliko Marekani kwenyewe. Shirika la ndege likimpeleka abiria asiye na hati sahihi linapigwa faini, kwa hiyo mtu wa kaunta ana kila sababu ya kukataa asichokijua. Dada wa kaunta alipekua pasi ya mtoto ukurasa kwa ukurasa.

"Dada, viza ya mtoto sijaiona."

"Hana. Hahitaji."

Nilimpa bahasha: kadi yangu, cheti cha kuzaliwa, cheti cha ndoa, na karatasi ya kanuni ya uhamiaji ya Marekani, 8 CFR 211.1, niliyokuwa nimeichapisha na kuipigia mstari. Akaisoma, akaniangalia, akampigia simu msimamizi. Nilisogezwa pembeni. Foleni ikapita yote, na mizani ya mizigo ikabaki kimya. Msimamizi, baba wa makamo, alikuja akaitikia shikamoo yangu, akaingia kwenye kompyuta yao inayoeleza masharti ya kila nchi. Akasoma kwa sauti ya chini. "Ipo," akamwambia yule dada. "Mama mkaazi, mtoto chini ya miaka 2. Mpe pasi ya kupandia." Sina ugomvi nao. Afadhali anayehakikisha kuliko anayekisia.

Dubai nakumbuka taa na nepi tu. Dulles, uwanja wa ndege wa karibu na Washington, wanakushusha kwenye ndege na kukuingiza katika chumba chenye magurudumu, kirefu kama basi lililopanda juu ya miguu, kinachokubeba hadi jengo la uhamiaji. Ofisa wa kwanza aliangalia pasi mbili na kadi moja, akatuelekeza chumba cha pili. Huko swali la kwanza halikuwa jina langu wala kazi yangu.

"Umewahi kuingia Marekani tangu mtoto huyu azaliwe?"

"Hapana."

Akalirudia kwa namna nyingine baadaye kidogo, akilinganisha mihuri ya pasi yangu na tarehe ya cheti. Akaomba picha mbili za mtoto, nami nikazitoa zile za Ngamiani. Kisha akagonga muhuri wa muda kwenye pasi ndogo, akasema huo ndio uthibitisho wake wa ukaazi mpaka kadi ije kwa posta. Ilikuja, jina likiwa sawa.

Juzi wifi yangu amenipigia kutoka Tanga. Ni mjamzito, mumewe, kaka yangu, yuko Texas na kadi ya kijani, na habari zangu zimemfikia. Anataka kujifungua kisha apande ndege na mtoto kama mimi.

"Wewe una kadi?" nikamuuliza.

"Kaka yako anayo. Si inatosha?"

Haitoshi. Mlango niliopitia unamtazama mama: mama awe mkaazi, ajifungue akiwa safarini. Yeye hajawahi kuingia Marekani. Anayetakiwa kuombewa kwanza ni yeye, kwa fomu I-130 ya kumwombea jamaa uhamiaji, na mtoto atafuata katika ombi hilohilo la mama yake.

"Foleni yake ndefu?"

"Ndefu. Mwambie kaka ajaze leo, asingoje ujifungue."