Nilivyoyaelewa mapaa ya gebo kwa kutumia maboksi na unga

Mapaa ya gebo nayapenda sana, yale yenye pande mbili na ukuta wa pembetatu kila mwisho (huo ukuta ndo gebo), ila nilitaka kujua kwanini Wagiriki walililaza la kwao wakati Wajapani wa vijiji vya Shirakawa-go wamelisimamisha hadi karibu digrii 60. Kusoma tu hakukunitosha. Nikakata mapaa madogo ya boksi, moja mteremko wa 30 lingine wa 60, nikayachekechea unga uwe ndo theluji. La 30 likabeba mzigo wote mpaka likaanza kubonyea katikati, la 60 unga ulijikusanya kidogo tu halafu ukaporomoka wote kwa mpigo.

Hapo Shirakawa-go ikaniingia kichwani! Kule theluji ni nyingi mno, na hawakuishia kwenye mteremko, gebo wamezielekeza kaskazini na kusini ili jua lipige pande zote mbili za paa liyeyushe, kenchi zimefungwa kwa kamba bila misumari, na darini walikuwa wanafuga viwavi wa hariri. UNESCO waliviingiza vijiji hivyo kwenye urithi wa dunia mwaka 1995, walistahili kabisa.

Tangu hapo kila paa naliuliza kwanza, hapa kinashuka nini? Athens theluji ni ya nadra, basi paa la Parthenon, hekalu la mungu wa kike Athena (447 hadi 432 KK), lilikuwa limelala, na ile pembetatu pana ya mbele wakaijaza masanamu, mashariki waliweka kuzaliwa kwa Athena. Amsterdam nyumba ni nyembamba, gebo ndo inatazama mfereji na juu yake kuna boriti yenye ndoano ya kupandishia mizigo maana ngazi za ndani hazipitishi kitu.

Wamaori sasa, wenyeji wa asili wa New Zealand, hao wamenigusa zaidi. Nyumba yao ya mikutano ni mwili wa babu wa ukoo, mti wa juu ni uti wa mgongo, makombamoyo ni mbavu, na zile mbao mbili za gebo ni mikono yake imefunguka kukupokea.

Lililonitoa jasho ni paa la tongkonan, nyumba ya asili ya Watoraja wa Sulawesi, Indonesia, ncha zote mbili zinapanda juu kama mtumbwi na boksi zima halikubali kupinda hivyo, nikalikata vipande vyembamba nikavipanga kuanzia chini kila kimoja kikilalia mwenzake, karibu na wanavyopanga wenyewe mianzi iliyopasuliwa, likakubali. Ukijaribu, ile ncha ya mbele iwekee nguzo, hata wao wanaweka.