Nilivyoanza Kuwatafutia Makampuni Wakurugenzi Nikiwa Nyumbani Tabata

Ukitaja wakala wa ajira, wengi wanaona picha ya chumba cha ofisi mjini na vijana kwenye foleni, bahasha za kaki mkononi. Kwangu hakuna foleni. Kampuni inanipa kazi ya kumtafuta mtu mmoja tu: mkurugenzi wa fedha, meneja mkuu wa kiwanda, mkuu wa ukaguzi wa ndani. Na mtu huyo aghalabu hatafuti kazi. Ana mshahara mzuri, ana gari la ofisi, wala wasifu wake hajaugusa kwa miaka.

Nilitoka kwenye umeneja wa rasilimali watu nikiwa na mtaji mmoja wa maana: nilijua nani anafanya kazi wapi, na wenzake wanamsemaje. Chumba cha wageni nikakigeuza ofisi. Nilinunua kabati la chuma lenye kufuli, betri ya kunivusha umeme ukikatika, na laini ya simu ambayo hakuna mwingine nyumbani anayeipokea. Watu waliniuliza kwa nini sikodishi ofisi Posta au Masaki, kwenye ofisi kubwa za Dar es Salaam. Sababu ni kutunza siri. Mkurugenzi wa fedha wa benki hawezi kuonekana akipanda ngazi za wakala wa ajira saa nne asubuhi. Kabla ya jioni mji mzima utajua. Anaongea nami saa tatu usiku watoto wakishalala, au Jumamosi. Kwa kazi hii, nyumbani ndipo mahali pake hasa.

Karatasi zilinichosha lakini hazikwepeki. Jina la biashara BRELA, yaani wakala wa usajili wa biashara na leseni, namba ya mlipa kodi TRA, yaani mamlaka ya mapato, leseni ya biashara, kisha kibali cha wakala binafsi wa huduma za ajira kupitia Kamishna wa Kazi. Kanuni za mawakala hao za mwaka 2014 zinakataza wakala kumtoza mtafuta kazi, na Mkataba namba 181 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1997, una msimamo huohuo. Mimi hili nalishika kwa moyo wote. Anayelipa ni mwajiri. Ukichukua hata shilingi ya mtahiniwa, yaani mtu unayempendekeza kwa nafasi, ushauri wako kwake umeshanunuliwa. Ipo pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022: simpelekei mwajiri jina la mtu kabla mwenyewe hajakubali.

Wateja wa kwanza niliwatafuta kwa kuisoma sheria. Sheria ya mwaka 2015 ya kuratibu ajira za wageni inamtaka mwajiri mwenye wataalamu wa kigeni awe na mpango wa kuwarithisha Watanzania nafasi hizo. Nikabisha hodi kwenye kampuni za aina hiyo, nikiwaeleza kuwa Mtanzania wa kushika nafasi ile yupo, ila hasomi matangazo ya kazi. Kiwanda kimoja cha Morogoro kilinikubalia.

Malipo nayadai kwa awamu tatu, jumla yake robo ya mshahara ghafi wa mwaka mmoja. Mshahara ukiwa milioni 12 kwa mwezi, mwaka ni milioni 144, ada yangu milioni 36: 12 tukisaini, 12 nikileta majina ya mwisho, 12 mtu akisaini mkataba wa ajira. Mteja akikata kodi ya zuio, asilimia 5 ya ada anayoipeleka TRA kwa niaba yangu, namdai hati yake. Anayekataa awamu ya kwanza namuaga kwa heshima, kwa sababu huyo keshawapa kazi hiyohiyo mawakala wengine, na mtahiniwa mmoja atapigiwa na watu watatu kwa nafasi ile ile. Huko ndiko siri inakovuja.

Simu ya kwanza ni fupi. "Dada, mimi sitafuti kazi." "Najua, kaka. Naomba dakika kumi tu, jioni utakayochagua." Simtajii kampuni. Namweleza ukubwa wake, tatizo linalomsubiri na mkoa.

Mkoa ndio wenye mambo. Mtu wa Dar anapoitwa Geita au Mwanza, mshahara sicho kinachoamua. Mwenzi wake ni mtumishi wa umma, uhamisho utapatikana lini? Mtoto yuko kidato cha tatu. Mama mzee anaishi nao na kliniki yake iko hospitali ya Muhimbili, Dar. Maswali haya nayauliza mapema, na nikiruhusiwa naomba kuzungumza na mke au mume mwenyewe. Nimeona watahiniwa wazuri mno wakijitoa baada ya usaili wa mwisho kwa sababu nyumbani hapakuwa pamezungumzwa. Swali jingine la mapema: bosi wako akikuongezea mshahara siku utakayopeleka notisi, utabaki? Anayesitasita hapo simpeleki mbele ya bodi.

Uhakiki naufanya mwenyewe. Mhasibu namthibitisha NBAA, bodi ya wahasibu na wakaguzi wa hesabu, shahada ya nje naulizia utambuzi wake TCU, tume ya vyuo vikuu. Wadhamini walioandikwa kwenye wasifu nawapigia, lakini ninaowasikiliza zaidi ni waliokuwa chini yake: karani wa mishahara, msimamizi wa zamu. Hao wanajua kama alikuwa akisaini malipo bila kusoma. Kwa benki, uteuzi wa viongozi wa juu unahitaji ridhaa ya Benki Kuu, hivyo mwenye doa huko ni heri nilijue mimi kwanza.

Mtu akishaanza kazi bado yuko mikononi mwangu. Mkataba wangu una dhamana ya miezi sita: akiondoka ndani ya muda huo, natafuta mwingine bila ada mpya. Kwa hiyo nampigia mwisho wa kila mwezi, usiku kama mwanzo, namuuliza bodi inampa nafasi ya kuamua au la, na kama familia imeshahamia. Asubuhi yake nampigia mwenyekiti wa bodi.