Binti yetu anasomea nyumbani
Shule zilipofungwa Machi 2020, nilianza kumfundisha binti yetu hapa nyumbani Nakuru. Zilipofunguliwa Januari 2021, hatukumrudisha. Kule watoto walibanana watatu kwenye dawati moja, mwalimu angejuaje kwamba anaruka mistari akisoma? Mimi niligundua tukiwa mezani, kitabu kimoja katikati yetu. Tukaweka rula chini ya kila mstari, polepole, hadi akaacha kuihitaji. Sasa anamsomea nyanya yake gazeti kwa sauti, na shosho hataki msomaji mwingine!

Hesabu tunaanzia sokoni: maharagwe kwa gorogoro, bei, chenji.

Si kazi rahisi, jamani. Shughuli zangu nazifanya usiku. Tena Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inamtaka kila mzazi amwandikishe mtoto shuleni, kwa hiyo roho haitulii. Naomba Bunge lituwekee utaratibu: tusajiliwe, tukaguliwe, watoto wafanye mitihani kama wenzao. Sikatai kukaguliwa hata kidogo.

Wazazi wenzangu mnaofundisha nyumbani, watoto wenu hucheza na nani siku za wiki? Wetu hupata wenzake Jumamosi tu, na naona hazimtoshi.