Siku yangu moja na tasnifu: neno "ndugu" limenikalisha mpaka usiku

Saa kumi na moja alfajiri niko macho, Kikoni, mtaa wa karibu na chuo chetu cha Makerere, bado kimya, boda ndo zinaanza kuunguruma. Huu ndo muda wangu wa kuchapa mahojiano, narudisha rekodi nyuma, nasikiliza tena, na jamani mtu akiongea saa moja mimi nakaa masaa matano au zaidi, maana nahoji kwa Kiswahili halafu natafsiri, tasnifu inataka Kiingereza.

Utafiti wangu ni wa mama wa Kikongo wanaouza vitenge hapa Kampala, wanapataje mzigo wa kuanzia na benki hawana, dhamana hawana.

Saa mbili chai na rolex (chapati iliyoviringishwa na mayai) Wandegeya, teksi, foleni, mjini.

Saa nne nimekaa na mama mmoja kwenye ngazi za duka, vitenge magotini. Kampala wengi wakisikia Kiswahili wanawaza askari, ila huyu nikimsalimia tu "jambo mama" uso unafunguka. Nilipotoa karatasi ya ridhaa ukafunga tena, watu wamejaza makaratasi mengi mno tangu wakimbie. Nikaiweka chini nikamweleza kwa mdomo, unaweza kukataa mama, unaweza kuniacha katikati, jina lako siandiki. Akakubali.

Mzigo wa kwanza alikupa nani?

"Ndugu yangu."

Mmezaliwa pamoja?

"Hapana mutoto yangu, tulijuanaga Bunagana siku ya kukimbia vita, tulilalaga hema moja."

Walikaa hema moja pale mpakani siku tatu tu! Walipokutana tena Kampala yule mwenzake akampa vitenge ishirini bila shilingi, bila maandishi, uza ndo ulete.

Njia nzima ya kurudi Makerere nawaza hilo. Mwanasosholojia Granovetter, mwaka 1973, alipima uzito wa mahusiano kwa muda watu wanaokuwa pamoja, hisia, kuaminiana siri na kusaidiana, na akaonyesha kwamba watu tunaojuana nao kidogo ndo wanatuletea habari mpya za kazi. Sasa hawa wawili nawaweka wapi? Kwa muda ni wageni kabisa, kwa imani ni zaidi ya tumbo moja. Jedwali langu lina visanduku viwili tu, uhusiano mzito na uhusiano mwepesi.

Saa nane nimemuona msimamizi. "Dokta, neno hili 'ndugu' nalitafsirije?" Akasoma kurasa mbili kimya, akasema usilitafsiri, liache hivyohivyo kisha utueleze wao wanalitumiaje. Nilitamani kumkumbatia, miezi yote hii nilikuwa nahangaika na kamusi.

Saa kumi na moja jioni darasa, mwanasosholojia Durkheim na nadharia yake ya mshikamano wa jamii, nimeandika kidogo sana, akili ilikuwa kwenye ngazi za lile duka.

Saa tatu usiku chumbani. Nina mahojiano kumi na moja niliyokwisha tafsiri na kila penye ndugu niliandika mtu wa damu moja, kumbe sikuwahi kuuliza. Itabidi niwarudie mama wote hao, mmoja mmoja. Nimefungua rekodi ya kwanza, dakika ya nne, neno lipo.