Mashine ya majani chini ya mikarafuu

Jamani, nani kashawahi kutumia mashine ya kukatia majani, ile ya kukokota? Shamba letu lipo Pemba, upande wa Wete, vilima na mikarafuu. Masika yakipita majani hufika kiunoni, na kabla ya kuchuma lazima tufyeke, maana karafuu ikidondoka humo ndo basi tena. Siku zote ni panga na vibarua.

Safari hii mjomba kaleta kimashine kinachofungwa nyuma ya pikipiki ya magurudumu manne. Kina injini yake yenyewe, kwa hiyo kinachokikokota hakihitaji nguvu nyingi. Mie nilichokipenda ni ule mkono wa kufungia: unausogeza pembeni, mashine inakaa ubavuni, dereva anapita nje ya matawi huku kisu kikiingia chini ya mti. Kisu tumekipandisha juu kidogo, na kwenye mashina hatukifikishi kabisa, mizizi ya mkarafuu iko juujuu. Pale tunamalizia kwa mkono.

Lakini kwanza tulilizunguka shamba lote kwa miguu kutoa mawe na kuweka alama kwenye visiki. Jiwe likipigwa na kile kisu linaruka kama risasi, watoto tuliwafukuza mbali (walikasirika hao!). Mteremko mkali tumeuachia panga, na mwengine tunapanda na kushuka wima, si kukata ubavu, usije ukapinduka.

Wa Micheweni na Makunduchi, huko kwenye maweni, msihangaike. Kisu hakimalizi asubuhi.