Nanga, upepo na mshipi: ninavyovua peke yangu mtumbwini

Nikiwa peke yangu mtumbwini, kitu cha kwanza ninachokishughulikia ni uzito. Mvuvi akikaa tezini, yaani nyuma, na omo, sehemu ya mbele, ikabaki tupu, omo huinuka, upepo huikamata, na mtumbwi huzungukazunguka kama mlango usio na komeo. Unatupa mshipi, uzi wa kuvulia, huku, dakika moja baadaye umeshageuzwa kule. Dawa yake ni dumu la lita 20: nalijaza maji ya ziwa hilohilo, naliweka omoni na kulifunga lisibingirike. Hizo ni kilo 20 ambazo sikuzibeba njiani, na wakati wa kurudi namwaga. Mawe nayo yangefaa, ila mtumbwi ukijaa maji, mawe huuvuta chini. Dumu la maji ya ziwa likiwa ndani ya maji halina uzito wa kuhesabu. Vyombo vingine vyote hukaa chini kabisa, katikati. Mimi mwenyewe hukaa chini pia, na penye mawimbi hupiga magoti.

Kwa mtumbwi wa mita 4 hadi 5, nanga ya kilo 3 mpaka 5 yatosha ziwani kukiwa na upepo wa kawaida. Jiwe lililofungwa ndani ya kipande cha wavu hushika kwa uzito wake tu. Nanga ya makucha hushika kwa kuchimba, na haiwezi kuchimba kamba ikiwa inaivuta kwenda juu. Kwa hiyo penye kina cha mita 4 natoa kamba mita 12 kukiwa shwari, na mita 20 upepo ukivuma. Mnyororo wa mita moja kati ya nanga na kamba hufanya mvuto uje kwa chini, sambamba na sakafu ya ziwa. Naona watu wakiongeza uzito wa nanga kila inapokokoteka, kumbe kilichopungua ni kamba.

Penye miamba na visiki, nanga ya makucha hunasa. Hapo siifungi kamba kwenye pete ya juu. Naifunga kitakoni, kule makucha yanakoanzia, halafu naipandisha kando ya mti wa nanga na kuibana petini kwa uzi dhaifu, mizunguko miwili tu. Kwa kawaida mvuto hupitia petini kama ilivyo desturi. Nanga ikinasa, navuta kwa nguvu kamba ikiwa imesimama wima. Uzi unakatika, mvuto unahamia kitakoni, na makucha yanatoka kinyumenyume. Uzi ukiwa mnene haukatiki, na ukiwa mwembamba mno hukatika kwa wimbi la kwanza. Huu wa kushonea magunia, uzi mmoja, hunifaa.

Kamba ya nanga hufungwa omoni au tezini, kamwe si ubavuni. Ikifungwa ubavuni, maji au upepo husukuma mtumbwi mzima kwa upana wake, kamba nayo inaushusha ule upande ilikofungwa, na maji yanaingia kwa upande huohuo. Mtoni ni omoni peke yake, na fundo liwe la kuchomoa kwa mvuto mmoja. Mwisho wa kamba nafunga dumu tupu la lita 5 liwe boya: gogo likija na mkondo, naiachia kamba yote, naondoka, na baadaye narudi kuiokota. Kisu hukaa mahali mkono unapokifikia bila kutafuta. Penye mkondo mkali sitii nanga hata kidogo. Nauingiza mtumbwi kwenye maji yaliyotulia nyuma ya mwamba na kuvua ukingoni mwa mkondo, na mara nyingi samaki nao wako papo hapo, wakingoja mkondo uwaletee chakula.

Ziwani, nisipojua samaki wako wapi, naacha mtumbwi uchukuliwe na upepo. Ndoo ya lita 10 yenye matundu machache, ikivutwa kwa kamba fupi kutoka omoni, hupunguza mwendo vizuri. Mshipi naushusha upande upepo unakotoka, kwa sababu mtumbwi unausogelea upande wa pili. Ukiushusha huko, mtumbwi utaupanda na mshipi utapita chini ya tumbo lake.

Chini ya miguu natandika kipande cha mkeka mzee. Kafi, kasia fupi la mkononi, ikigonga mbao, sauti inashuka majini moja kwa moja, na penye maji ya mita moja au mbili samaki wanahama.

Samaki mkubwa akishika, siukazi mshipi wala siuzungushi mkononi: mshipi mwembamba ukivutwa ghafla hukata nyama. Namwachia avute mtumbwi wenyewe, maana mtumbwi mwepesi humchosha bila mimi kutumia nguvu. Kama nanga iko chini na yeye anaizunguka, nanga naiachia na boya lake. Akipita chini ya mtumbwi, naupitisha mshipi kuzunguka omo au tezi hadi upande aliko. Kumvuta kupitia chini ya mbao ni kuukata mshipi.

Kumpandisha ndipo mitumbwi mingi inapokwenda mrama. Kanuni yangu ni ya mwili: mkono utoke nje, kitovu kibaki katikati. Magoti yamepanuliwa, kila moja likigusa ubavu wake, na kimia, wavu mdogo wa mpini mrefu, kinamfuata samaki alipo. Asipochoka bado, simwinui. Akishaingia namfunika kitambaa kilicholowa, nampigia goti juu kidogo asirukeruke, na ndoana naitoa kwa koleo kabla sijagusa kafi.