Bareti ya Birere

Harusi ilifungwa Jumamosi tarehe 18 Januari 2020, na wazazi wa bibi harusi walitaka kuiona video Jumamosi iliyofuata, nyumbani kwao Himbi. Wageni walikuwa wamekwisha kualikwa. Aliyepiga kamera alikuwa yaya wangu (kwetu Goma, mashariki mwa Kongo, yaya ni kaka au dada mkubwa, si mlezi wa watoto), na laptopu yake ilikuwa imekufa mwezi Desemba. Kwa hiyo kazi ikaniangukia mimi, fundi wa familia: niunganishe mashine mpya ya kukatia video, yenye nguvu, isiyolala njiani.

Fundi wa familia ni cheo nilichopewa bure. Nilikuwa na meza moja Katindo, chini ya mwavuli wa muuza vocha, nikifungua laptopu za watu na kuzipuliza vumbi. Na vumbi la Goma si mchezo, ni jiwe la volkano ya Nyiragongo lililosagwa na matairi, jeusi, linakwaruza. Lakini kompyuta nzima, kuanzia boksi tupu mpaka iwake, sikuwa nimewahi kuunganisha hata moja. Hilo sikumwambia yaya.

Vifaa vingi tuliviagiza Kampala, vikaja na basi mpaka Gisenyi, upande wa Rwanda, nami nikaenda kuvichukua kwa miguu kupitia mpaka mdogo. Siku zile, kwa ajili ya Ebola, huvuki bila kunawa mikono kwenye ndoo ya dawa na kupimwa joto kwenye paji la uso. Nilinawa huku nimebana kwapani boksi la ubao mama, ule mafundi wa kwetu wanaouita kartimeri, nikiogopa tone moja lisiingie.

Halafu kulikuwa na ramu, kumbukumbu ya muda ya kompyuta, ambayo kipande chake kimoja tunakiita bareti. Yaya alinihesabia dola 80 za bareti mbili mpya za GB 8, kila moja dola 40. Nilinunua moja mpya. Ya pili niliipata Birere, mtaa wa biashara hapa Goma, kwa dola 25, ya mtumba, karatasi yake imekwanguliwa nusu, na muuzaji akaapa kwa mama yake kwamba imetoka kwenye mashine ya ofisi, haijawahi kuchoka. Dola 15 zilizobaki nilinunulia viatu. Vya kahawia, vya ncha, vya kuvaa kwenye harusi hiyohiyo.

Nilianza kuunganisha Jumatatu asubuhi, nikamaliza saa nane mchana. Nikawasha. Feni zikazunguka, taa zikawaka, ekrani ikabaki nyeusi. Nilitoka jasho kwa saa nzima kabla ya kukumbuka kwamba prosesa yetu, Ryzen 5 2600, haina picha yake yenyewe, kwa hiyo waya wa ekrani hauchomekwi kwenye kartimeri, unachomekwa kwenye kadi ya picha. Nikauhamisha. Picha ikaja. Shemeji, aliyekuwa akichagua sombe (kisamvu) mlangoni, akapiga vigelegele. Mimi nikajifanya nilikuwa najaribu tu.

Jioni nikaingiza flashi yenye Windows 10 na kuanza kuweka sistemu. Ikauliza lugha, nikachagua Kifaransa. Ikauliza diski, nikachagua SSD ya GB 240. Ikaanza kunakili faili, asilimia zikapanda vizuri, 10, 20, 30. Kwenye 37 ikasimama na kuleta kiboksi: haiwezi kuweka faili zinazohitajika, huenda zimeharibika au hazipo, namba ya kosa 0x80070570.

Nikasema, flashi. Flashi za bei rahisi ndivyo zilivyo. Nikarudia, ikafika 62, kosa lilelile. Nikarudia tena, ikafia kwenye 11. Asubuhi ya Jumanne nikanunua flashi mpya kwa dola 8. Ikafia kwenye 45.

Basi ni faili lenyewe, nikasema, limepakuliwa vibaya. Nikanunua mega (bando la intaneti) za dola 10 na kukesha nikilipakua upya, karibu GB 5, simu iko dirishani inakotafuta mtandao, mimi chini naitazama kama mgonjwa. Jumatano alfajiri nikajaribu. Ikafia kwenye 29.

Basi ni SSD. Nikaichomoa, nikajaribu kuweka sistemu kwenye diski kubwa ya TB 2 ambayo tulikuwa tumeinunua kwa ajili ya kuhifadhia harusi. Kosa lilelile. Basi ni umeme, unacheza. Jirani alikuwa na grupu, yaani jenereta; nikamnunulia petroli ya dola 5, tukavuta waya kupitia juu ya ukuta, mtaa mzima ukasikia kelele kwa ajili ya kompyuta moja. Ikafia kwenye 70. Kufika 70 kulinipa matumaini ya kijinga, nikarudia, ikafia kwenye 4.

Mtu atauliza, na ramu je? Fundi yeyote akishaona kosa linahama hivyo, kwanza anagusa ramu. Nami nilijua. Si kwamba nilisahau. Nilikuwa nimefungua ubavu wa boksi mara sita, nimegusa kila waya, na kila mara mkono wangu ulizipita zile bareti mbili kama mtu anavyompita mdai wake barabarani. Nilijiambia zimesomwa zote, kwenye BIOS, ukurasa wa ubao kabla ya Windows, inaandika GB 16, basi ni nzima. Nilijiambia moja ni ya mwendo wa 2666 na nyingine wa 2400 lakini hiyo haina shida, ubao utaziendesha zote kwa mwendo wa ile ya polepole. Hili ni kweli. Ndiyo maana lilinifaa.

Jumatano jioni yaya alikuja kusimama mlangoni. Hakuuliza kitu, alitazama ekrani, akatazama saa, akaondoka. Ningependa angegomba.

Alhamisi nikapanda pikipiki, boksi nimelipakata, motari akikwepa mawe, nikaenda Birere kwa mzee mmoja anayetengeneza kompyuta tangu zile za ekrani nene. Kibanda chake kilikuwa milango miwili tu kutoka kwa yule aliyeniuzia bareti, kwa hiyo nilimwambia motari apite njia ya nyuma.

Mzee alinisikiliza huku anakaza skrubu za radio ya mtu. Nilipomaliza akauliza swali moja.

"Inafia palepale au inahama?"

"Inahama, mzee."

"Kijana, faili bovu linafia palepale kila siku. Inayohama hiyo ni ramu."

Sikujibu. Akatoa flashi yake yenye Ubuntu, sistemu nyingine isiyo Windows, ile inayowaka moja kwa moja kutoka kwenye flashi bila kuwekwa kwenye diski. Mara ya kwanza iliganda njiani. Mara ya pili ikawaka. Akasema andika hapo amri, nami nikaandika *sha256sum*, yaani hesabu inayosoma faili zima, herufi kwa herufi, na kutoa alama 64. Faili likiwa lilelile, alama ni zilezile, hata ukihesabu mara mia.

Kwenye ekrani ikatokea *shq@%^su;*.

Mzee alicheka mpaka akaweka bisibisi chini. Kibodi zetu ni za Kifaransa, A iko mahali pa Q, namba mpaka ubonyeze Shift, na M imekaa mahali ambapo Wamarekani wana nukta-mkato. Ubuntu ilikuwa inadhani imewaka New York. Akabadilisha mpangilio, akaniachia niandike upya.

Tulihesabu lile faili la Windows nililokuwa nimelipakua usiku wa manane, ambalo nilikuwa nimelinakili kwenye diski kubwa. Kama dakika moja hivi. Zikaja alama 64, zikianza na 3b. Mzee akaziandika kwenye ganda la sigara. Tukazima, tukawasha, kibodi ikarudi New York, tukairekebisha, tukahesabu tena. Zikaanza na e9. Mara ya tatu zikaanza na 07. Faili moja, diski moja, majibu matatu. Akaichomoa diski, akaiunganisha kwenye laptopu yake, akahesabu hukohuko mara tatu. Zote tatu sawasawa, mpaka alama ya mwisho. Faili langu lilikuwa zima tangu mwanzo. Mega zangu za dola 10 pia zilikuwa nzima.

"Fungua," akasema.

Nikafungua. Yeye ndiye aliyezitoa bareti, si mimi. Ile mpya akaitazama na kuiweka pembeni juu ya kitambaa. Ile ya Birere akaishika karibu na dirisha, akapitisha ukucha kwenye karatasi iliyokwanguliwa.

"Hii uliitoa wapi?"

"Hapa hapa mjini."

"Mm."

Hakuongeza neno. Akachukua raba ya shule, akasugua meno ya dhahabu ya bareti taratibu, upande huu na upande huu, uchafu mweusi ukatoka, akapuliza. Nilisali kimoyomoyo iwe ni uchafu tu. Akairudisha peke yake, tukahesabu mara mbili: kila mara alama tofauti. Akaihamishia kwenye nafasi nyingine, tusije tukausingizia ubao. Vilevile. Kisha akaweka ile mpya peke yake, tukahesabu mara tatu, na zote tatu zikalingana na zile za laptopu. Windows ikaingia palepale kibandani, bila kusita, wakati tunakunywa chai. Sikumbuki hata ilichukua dakika ngapi. Siku nne nilikuwa nazitazama zile asilimia kama namba za bahati nasibu, na siku zilipopanda hadi 100 nilikuwa nimezipa mgongo.

Mzee alikataa hela. Akasema nimletee sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa Kivu, siku moja. Nilipita kwa muuzaji, mlango wa mbele safari hii, akaniambia mtumba hauna garanti, na akaapa tena kwa mama yake.

Njiani kurudi nilipiga hesabu: flashi 8, mega 10, petroli 5. Dola 23 kutoka mfukoni mwangu, kulinda 15. Na pikipiki sijaihesabu.

Usiku ule yaya alikaa mbele ya mashine, akaingiza kadi za kamera, akafungua programu ya kukatia. Alikuwa na furaha ya mtoto, anaburuta vipande huku na huku, anapiga mluzi. Kisha akafungua ukurasa wa kuonyesha vitu vilivyomo ndani, kwa sababu yeye si fundi lakini risiti anazikumbuka. Pale paliandikwa GB 8.

"Si tulisema kumi na sita?"

"Moja imekufa, yaya."

"Mpya imekufa?"

Nikasema itabidi niangalie. Akanyamaza, akarudi kwenye video. Ilikuwa sehemu ya kuwaingiza maharusi ukumbini, vijana wa familia wametangulia wanacheza mistari miwili, nami niko mbele kabisa. Kamera ilianza chini, miguuni, ikapanda polepole. Yaya akasimamisha picha. Viatu vyangu vilijaa ekrani, vya kahawia, vya ncha, vinang'aa, unaona hata mshono.

"Ona kiatu!" akasema, akicheka kwa dhati. "Mdogo wangu, siku ile ulinipita hata mimi mwenye kamera."

Kicheko hicho ndicho kilichonishinda. Nikamwambia yote, tangu dola 80 mpaka raba ya mzee. Nilisema nikitazama sakafu. Viatu vilibaki vimesimama pale kwenye ekrani muda wote, hakuna aliyeviondoa.

Yaya hakunitukana. Aliita mlangoni tuletewe ugali. Kabla ya kula akachana kipande cha karatasi, akaandika "DOLA 15" kwa kalamu nzito, akakibandika kwa utepe ubavuni mwa boksi la kompyuta, upande unaotazama viti vya wateja. Kisha akanawa.

Video ilimalizwa kwa GB 8, Ijumaa saa kumi usiku, mashine ikivuta pumzi kila tulipoongeza maandishi. Himbi waliiona Jumamosi na kulia mahali pa kulia. Niliambiwa, sikwenda, sikuwa na viatu ambavyo ningeweza kuvivaa.

Wateja waliokuja baadaye waliiuliza ile karatasi. Mmoja alidhani ndiyo bei ya kukata video, akataka kulipa. Yaya alijibu kila mtu kitu kimoja, "Muulize fundi," na fundi alikuwa amekaa palepale.

Mwisho wa Februari nilivuka mpaka, nikanawa, nikapimwa joto, nikarudi na bareti mpya ndani ya plastiki yake. Nikaiweka yaya akiangalia. Ekrani ikaandika GB 16. Nikahesabu faili lile mara tatu, ingawa hakuna aliyeniomba, alama zikatoka sawa. Yaya akachukua kalamu ileile, akakata 15, akaandika 0 juu yake, na karatasi akaiacha palepale ilipo.